Asilimia 62 Usiku Kucha

Ami alinipigia simu saa saba na robo usiku. Si ami yangu wa damu. Ni mzee wa zamu kwenye matangi ya mafuta ya kula kule Shimanzi, Mombasa, na kila aliyewahi kufanya kazi pale humwita Ami, hata meneja. Hana desturi ya kupiga simu usiku, kwa hivyo nilipoona jina lake nilijua kuna jambo kabla hajatoa salamu.

"Mwanangu, tangi namba 8 laninyamazia," akasema.

Nikamwuliza lasoma ngapi.

"Sitini na mbili. Nilipoingia zamu saa tatu, sitini na mbili. Sasa hivi, sitini na mbili. Na meli yateremsha mafuta, pampu zanguruma nazisikia hapa nilipo. Nambari imekaa kitako tu, haina habari na mtu."

Nilikuwa nyumbani Likoni, nimelala. Nikamwambia asimamishe upakuzi kwanza, mengine tutayajua baadaye. "Melini nishawaambia," akajibu, "na kijana nishamtuma juu na utepe wa kupimia." Nilipofika kwenye feri simu ikalia tena. Utepe na timazi lake vilikuwa vimetoa jibu: asilimia 91.

Feri ya saa nane usiku haina msukumano. Nilisimama pembeni, upepo wa kusi ukinipiga usoni, nikifanya hesabu ambayo sikutaka kuimaliza. Lau Ami angekuwa mtu wa kuiamini skrini, mafuta ya mawese yaliyopashwa moto yangeweza kufurika juu ya tangi, yakateremka ubavuni, yakajaa ndani ya kuta za kuzuia mwagiko, na huenda mengine yakatafuta njia ya bahari. Na kisanduku kilichokuwa kikisema sitini na mbili kilikuwa changu. Nilikifunga mwenyewe wiki tatu kabla, nikakipanga mwenyewe, nikatia sahihi kwamba kazi imekamilika.

Hakikuharibika. Kilifanya sawasawa nilivyokiambia. Hapo ndipo paliponiuma.

Nieleze kazi yenyewe ilivyokuwa. Matangi ni 14, na juu ya kila moja kuna rada ya kupimia kimo cha mafuta. Rada zile ni za zamani lakini ni nzima kabisa. Zilijengwa enzi ambazo mtengenezaji hakuona haya kutumia chuma kizito. Zote zimeungwa kwenye jozi moja ya waya, na zinazungumza Modbus, lugha iliyotolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979. Waya wenyewe unafuata kanuni ya RS-485, iliyotoka mwaka 1983. Kwa jumla mambo ya aina hii mafundi huyaita filidibasi: vifaa vingi vya uwanjani vikichangia laini moja, badala ya kila kimoja kuvutiwa waya wake hadi chumba cha udhibiti.

Wenye mali walitaka nambari zile zionekane kwenye kompyuta, na bosi azione kwenye simu akiwa safarini. Kompyuta zinazungumza Etheneti, mtandao wa kebo wa maofisini. Kubadilisha rada 14 kungemaanisha pesa nyingi, kumwaga kila tangi, kulisafisha na kuandika vibali vya kazi za hatari, na huku meli hazingoji. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hulipita haraka: kebo ya kawaida ya shaba ya Etheneti inakwisha nguvu baada ya mita 100, na tangi la mwisho pale liko mbali zaidi ya hapo. Waya wa RS-485 unakwenda hadi mita 1200 bila kulalamika, mradi mwendo wake uwe wa pole. Kwa masafa, mzee anamshinda kijana.

Basi ukafanywa uamuzi ambao ningeufanya tena leo: rada zibaki, tuweke getiwei. Getiwei ni kisanduku kinachobanwa kwenye reli ndani ya paneli, upande mmoja kina skrubu za waya wa zamani, upande wa pili tundu la Etheneti. Kazi yake ni ukalimani. Wengi hudhani ukichomeka pande zote mbili na taa za kijani zikawaka, umemaliza. Mimi nilikuwa najua si hivyo, na bado likanipata.

Siku mbili za kwanza ziliishia kwenye waya. Laini ya RS-485 inapita tangi hadi tangi kama kamba ya kuanikia nguo, na kila ncha inatakiwa kuwa na rezista ya ohmu 120, ili ishara ikifika mwisho imezwe badala ya kurudi nyuma kama wimbi lililopiga ukuta wa bahari. Ukizima umeme ukapima katikati ya waya mbili, rezista mbili sambamba zinakupa ohmu 60. Mita yangu ikasema 40. Kijana niliyekuwa naye, yuko mafunzoni kutoka chuo cha ufundi hapa mjini, akakokotoa haraka kuliko mimi: 120 kugawanya kwa tatu. Kuna rezista ya tatu mahali fulani. Tukaitafuta nusu siku juani, tukafungua visanduku vya maungio kimoja baada ya kingine, kumbe ilikuwa ndani ya getiwei yenyewe. Ilitoka kiwandani na swichi yake ndogo imewashwa, na mimi nimeiweka katikati ya laini, kati ya tangi la 6 na la 7.

Juu ya hayo kuna hewa yetu. Shimanzi chumvi inaingia hata mahali ambapo maji hayaingii. Kisanduku cha tangi la 12 nilipokifungua, shaba ilikuwa imegeuka kijani kama jani la mwarobaini. Ukikata na kumenya, kijani kimetambaa ndani ya ganda la waya karibu urefu wa kiganja. Tulikata hadi tukaona shaba inayong'aa. Halafu majina ya zile waya mbili, A na B: kanuni inasema A ni upi na B ni upi, na watengenezaji kadhaa wameamua kinyume chake. Kama vifaa viko kimya kabisa, geuza waya mbili kabla ya kulaani kitu chochote. Haviungui.

Waya ulipokaa sawa, ukaja muda. Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo mzizi wa kisa ulipo.

Kwenye laini ya Modbus, mmoja anauliza na wengine wanajibu wakiulizwa tu. Vitabu vya zamani viliwaita bwana na mtumwa, maneno ambayo kwa mtu aliyezaliwa pwani hii hayapiti kooni kirahisi; mwaka 2020 shirika linalosimamia Modbus liliyaacha. Mimi siku zote nimesema muulizaji na mjibu. Muulizaji anasema: "Wewe wa anwani ya 8, nipe rejista kumi kuanzia hapa." Rejista ni kijisanduku cha nambari ndani ya kifaa. Kisha muulizaji ananyamaza. Na kimya hicho si kukosekana kwa neno. Kimya ni sehemu ya sarufi. Hakuna alama ya kumalizia ujumbe kwenye laini hii. Ujumbe unajulikana umekwisha pale waya unaponyamaza kwa muda wa herufi tatu na nusu. Nukta ya sentensi ni kimya. Na kifaa kisipojibu, kimya kinachorefuka ndicho kinachomwambia muulizaji kwamba kuna msiba.

Kwenye Etheneti mambo ni mengine. Ujumbe ule ule wa Modbus unafungwa ndani ya bahasha ya TCP, kanuni ya kusafirisha data mtandaoni, ukapelekwa kwenye mlango namba 502, na bahasha imeandikwa urefu wake juu. Hakuna haja ya kunyamaza ili ueleweke. Kimya kimepoteza maana yake ya kisarufi, na usipoangalia, kinapoteza na ile maana nyingine.

Hesabu sasa. Laini yetu inakwenda biti 9600, yaani sufuri na moja 9600, kwa sekunde, na kila herufi inakula biti 11. Swali ni baiti 8, yaani herufi 8. Jibu la rejista kumi ni baiti 25. Herufi 33 zote pamoja ni kama milisekunde 38, ongeza vimya viwili milisekunde 8, ongeza muda wa rada kufikiri, tuseme 50. Karibu milisekunde 96 kwa tangi. Mara 14, unapata sekunde moja na theluthi kuyazunguka matangi yote. Kwa mafuta yanayopanda polepole hiyo ni kasi ya kutosha na kubaki.

Lakini rada moja ikifa? Muulizaji anangoja sekunde nzima, anauliza tena, anangoja, anauliza mara ya tatu. Sekunde tatu zimekwenda kwa marehemu mmoja, na mzunguko mzima sasa ni sekunde nne na robo. Zikifa mbili, ni saba na kitu. Yaani kifaa kilichokufa kinawachelewesha walio hai. Sasa tia kompyuta mbili upande wa Etheneti, kila moja ina haraka zake na imepangwa kungoja sekunde moja tu. Kompyuta inakata tamaa kabla getiwei haijamaliza kumngoja marehemu, inatuma swali upya, na maswali yanapangana mlangoni kama watu wa Likoni asubuhi. Ndiyo maana muda wa kungoja wa kompyuta lazima uwe mrefu kuliko ule wa getiwei. Ni kanuni ndogo, na nimeiona ikivunjwa na watu wenye vyeti vingi kuliko mimi.

Kukwepa msongamano huo ndiko kulikonifikisha nilikofika. Getiwei za kazi hii ziko namna mbili. Ya kwanza ni mjumbe tu: kompyuta ikiuliza, yeye analibeba swali hadi kwenye rada, anarudi na jibu, rada isipojibu, anarudi na msimbo wa kosa namba 11, ambao maana yake ni "nimempelekea, hakujibu". Mjumbe huyu ni mpole na mkweli. Ya pili ina kumbukumbu: yenyewe inazunguka matangi muda wote, inaandika majibu kwenye daftari lake, na kompyuta zikija zinasoma daftari. Hazingoji chochote. Hata zikija kumi, kila moja inajibiwa papo hapo.

Nilichagua ya pili kwa sababu ya kompyuta nyingi. Bado naona uchaguzi ulikuwa sawa. Lakini daftari lina swali ambalo mjumbe hana: rada isipojibu, ukurasa wake uandikwe nini? Mtengenezaji alinipa njia mbili kwenye menyu. Andika sufuri, au acha nambari ya mwisho. Nikafikiri: nikiweka sufuri, kila rada ikikohoa mara moja kengele ya tangi tupu italia, watu watachoka, watazima kengele. Nikachagua kuacha nambari ya mwisho. Pembeni kulikuwa na rejista nyingine kabisa, ya hali ya mawasiliano, biti moja kwa kila kifaa, inayosema nani yu hai na nani kanyamaza. Kuipeleka kwenye skrini ilikuwa kazi ya labda saa mbili. Nikasema nitaifanya wiki inayofuata.

Saa tatu usiku ule, umande ulikuwa umeingia kwenye kisanduku cha rada ya tangi la 8 ambacho glandi yake, kizibo kinachobana waya unapoingia, haikukazwa vizuri. (Na hiyo nayo ni mkono wangu, au wa kijana wangu, ambayo ni mamoja.) Rada ikazimika. Getiwei ikauliza mara tatu, haikujibiwa, ikaendelea na tangi la 9. Kwenye daftari lake ukurasa wa nane ukabaki na 62. Kompyuta ikasoma 62, mstari wa kijani ukachorwa ulionyooka kama uzi wa fundi seremala, na hakuna kilichowaka, hakuna kilicholia.

Mfumo wa zamani ulikuwaje? Ukutani kulikuwa na kisanduku cha nambari nyekundu. Rada ikinyamaza, nambari ziligeuka vistari na kengele ikapiga kelele ya kukera mpaka mtu ainuke akaizime. Sote tulikichukia. Siku tulipokiondoa tulipiga picha.

Kuna kisa cha Uingereza ambacho kila mtu wa matangi anapaswa kukijua, na mimi nilikuwa nimekisoma, tena zaidi ya mara moja. Ni Buncefield, kaskazini ya London, Desemba 2005. Tangi namba 912 lilianza kujazwa petroli jioni ya tarehe 10. Mnamo saa tisa usiku kipimo chake kikaganda, kikionyesha tangi limejaa theluthi mbili hivi. Mafuta yakaendelea kuingia. Juu ya tangi kulikuwa na swichi ya dharura iliyotakiwa kufunga kila kitu kimo kikifika juu kabisa, haikufanya kazi. Alfajiri ya tarehe 11 petroli ikafurika, wingu la mvuke likatambaa, na saa kumi na mbili na dakika moja likalipuka. Watu 43 walijeruhiwa. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili asubuhi hakuna aliyekufa. Kule hakukuwa na getiwei ya lawama, kipimo chenyewe ndicho kilichoganda. Lakini sura aliyoiona mtu wa zamu ni ile ile aliyoiona Ami: mstari ulionyooka wakati pampu zanguruma.

Mawese si petroli, hayalipuki vile. Pia pale Shimanzi kila tangi lina swichi yake ya kuelea, yenye waya wake peke yake hadi kwenye vali, haipiti kwenye Modbus wala getiwei wala kompyuta. Ilikuwa imepangwa kukata kwenye asilimia 95. Nilipoulizwa mwanzoni mwa kazi kama tuiunganishe nayo kwenye mtandao "ili kuokoa waya", nilikataa kwa ukali, na hilo ndilo jambo pekee la usiku ule linalonipa usingizi. Kinga ya mwisho haipitishwi kwa mkalimani.

Nilikuwa nimeruka sehemu ya maana ya nambari, na haifai kuruka, kwa sababu ilinila siku nne. Waya ukiwa sawa na muda ukiwa sawa, bado hujui kilichosemwa. Modbus inabeba rejista za biti 16, basi. Haisemi hii ni joto au kimo, haisemi ni mita au futi. Hiyo iko kwenye kijitabu cha mtengenezaji, kama umebahatika kuwa nacho. Cha kwetu kilikuwa nakala ya nakala, imepigwa mhuri wa kahawa.

Kijitabu kikisema rejista 40001, kwenye waya anwani hiyo ni sufuri. Mwingine anaanza kuhesabu moja, mwingine sufuri, nawe unasoma kimo ukidhani ni joto. Hiyo ni rahisi, utaiona mara moja. Iliyotutoa jasho ilikuwa joto. Mawese ghafi huhifadhiwa kati ya nyuzi 32 na 40 yasigande, na kabla ya kusukumwa hupashwa hadi 50 na kitu, kwa hivyo joto ni nambari inayoangaliwa sana pale. Rada zetu hutuma joto kama nambari ya desimali ya biti 32, ambayo imekatwa vipande viwili na kupakiwa kwenye rejista mbili. Kipande gani kinatangulia? Modbus haikuwahi kuamua. Rada ilitanguliza kimoja, getiwei ikangojea kingine.

Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha, ukiwa si wewe unayelipwa kuyamaliza. Mafuta yakiwa na nyuzi 38.5, skrini ilisema sufuri. Yakipanda hadi 38.6, skrini ilisema 27 ikifuatwa na sufuri 22. Kijana wangu alidhani rada imeungua. Mimi nilidhani ni kelele za umeme, nikaanza kupima ardhi ya paneli. Mpaka tulipoandika biti zenyewe kwenye karatasi, chini ya mti, tukaona: 38.5 kwa lugha hiyo, ambamo A hadi F nazo ni tarakimu, ni 421A 0000, ikigeuzwa vipande inakuwa 0000 421A, nambari ndogo mno hata skrini haina desimali za kuionyesha. Na 38.6 ni 421A 6666, ukigeuza unapata 6666 421A, lijitu lisilo na mwisho. Sehemu moja ya kumi ya nyuzi, na umetoka kwenye barafu hadi zaidi ya jua. Ukiona tabia hiyo ya kuruka kati ya sufuri na wazimu, usiguse waya. Geuza mpangilio wa vipande kwenye menyu, kunywa chai.

Ninachokiona leo ni kwamba kosa hilo lilikuwa la heshima. Lilipiga kelele. Nambari ya uongo iliyovaa nguo za uongo haimdhuru mtu. Iliyotaka kutuumiza ilikuwa 62, nambari ya kweli kabisa, iliyokuwa ya kweli saa tatu usiku.

Ya Profibus, filidibasi nyingine, niyataje kwa kifupi, kwa kuwa pale pale kuna pampu tano zinazoendeshwa nayo na watu wameniuliza. Kebo ni ya zambarau, vichwa vina pini tisa na kiswichi cha kuwasha rezista. Nusu ya matatizo yote niliyoyaona ni kiswichi hicho kuwashwa katikati ya laini. Mwendo wake unaweza kufika megabiti 12 kwa sekunde, lakini kwa mwendo huo kebo haizidi mita 100. Ukikubali kilobiti 187.5 unapata mita 1000. Kuihamishia Profinet, ndugu yake wa Etheneti, kwa getiwei kunawezekana, na humo hali ya mawasiliano ya kila kifaa inabebwa na itifaki yenyewe, huhitaji kuikumbuka wewe. Kwa hilo tu naiheshimu.

Kuhusu simu ya bosi: Modbus haina nywila. Anayefika kwenye mlango 502 anaweza kusoma, na anaweza kuandika. Mwaka 1979 hapakuwa na mtu wa kumwogopa mwisho wa waya. Kwa hivyo getiwei ikafungiwa kwenye kipande chake cha mtandao, ukuta wa moto, yaani kinga ya mtandao, ukakataa misimbo yote ya kuandika, kama 5, 6, 15 na 16, na simu ya bosi inasoma kutoka kwenye seva nyingine kabisa, haigusi matangi. Alilalamika kwamba nambari zinachelewa dakika moja. Nikamwambia ndiyo, zinachelewa.

Wiki iliyofuata usiku ule nilirudi kufanya ile kazi ya saa mbili. Ilinichukua siku mbili. Kila biti ya hali ikapelekwa kwenye skrini: rada ikinyamaza, nambari inabaki, lakini inageuka kijivu na alama ya kuulizia mbele yake, na kengele inalia. Nikaongeza kihesabio cha getiwei yenyewe, kinachopanda moja kila mzunguko. Kikisimama, skrini nzima inakuwa kijivu, maana hata mkalimani anaweza kufa na daftari likabaki wazi mezani. Na kanuni moja ambayo Ami ndiye aliyeitamka, mimi niliiandika tu: pampu ikiwa inasukuma kuingia tangini na kimo hakijasogea kwa dakika kumi, lia. Haijalishi biti zinasema nini.

Tangu hapo sitii sahihi kazi yoyote bila kung'oa waya. Simaanishi kuiga kwa programu. Mtu anapanda juu ya tangi, anachomoa waya wa rada kwa bisibisi, na mwingine anakaa mbele ya skrini na saa mkononi. Tulifanya hivyo alasiri moja, upakuzi umesimama, kijana wangu juu na redio, mimi na Ami chini.

"Moja, nishatoa."

Sekunde nne, kijivu, kengele. Ami akaandika kwenye daftari lake kwa mwandiko wake wa madrasa. La pili, kijivu. La tatu. Tulipofika la 8 Ami alisogeza kiti mbele, akavaa miwani, akakodoa macho mpaka rangi ikageuka. Hakusema kitu. Akaandika saa.

La 9, la 10.

"Kumi na moja, nishatoa."

Tukangoja. Sekunde nne, kumi, ishirini. Asilimia 47, kijani kibichi.

"Umetoa kweli?" nikamwuliza kwenye redio.

"Waya nimeushika mkononi, bosi."

Ami akanigeukia, kalamu hewani. Tangi la 11 rada yake ilikuwa kwenye matengenezo wakati wa kazi ya kwanza, nikaiongeza siku ya mwisho, jioni, kwa mkono, nje ya orodha niliyoinakilia mengine yote.

"Niandike nini?" akauliza.

Nikamwambia aandike kilichoonekana, nikavuta laptopu.